Asante ya Kipindi cha Saba

Tumekwama kwenye neno moja tangu saa mbili usiku,
ghorofa ya tatu, mtaa wa Liberdade, São Paulo.
Mvua inapiga bati la duka la tambi chini yetu
na Jandira amevua viatu, dalili kwamba hashindwi leo.

Neno lenyewe ni asante.

Katuni ya Kijapani, kipindi cha saba, dakika ya kumi na nne:
Shiomi, fundi saa, nywele kazikata kwa kisu,
sketi ya shule chini, deraya ya babu yake juu,
anapokea saa iliyokufa mkononi mwa adui,
anainama, anashukuru.
Kijapani kinapita hapo kama maji.
Kireno kinasimama mlangoni, kinadai kitambulisho:
mwanamume hushukuru kwa o,
mwanamke kwa a,
na sisi, wafasiri wa bure tusiolipwa hata kahawa,
tuna sekunde mbili na herufi moja ya kuamua.

"Andika o," asema Wanderley. "Anajiita boku,
na boku ni neno la wavulana, kamusi hii hapa."
Jandira apiga meza: "Kamusi imewahi kuvaa sketi?
Kila shujaa mmechukua nyinyi. Huyu mmoja tuachieni."
Raoni, aliyekumbatia mto muda wote,
Raoni aliyebadili jina mwezi Machi
na barua za benki bado zinamtafuta yule wa zamani,
asema polepole: "Iko herufi e.
Watu wanaitumia. Mimi naitumia."
Wanderley akacheka.
Hakikuwa kicheko kibaya, ila kilikuwa na mwiba wa samaki,
na mwiba ukamkaa Raoni kooni.

Basi maneno yakaacha kuwa maneno.
Msiwapelekee Wajapani vita vyenu, kule mambo si hivi.
Kule wapi? Kule hakuna anayeogopa kioo?
Ndipo wote tukamgeukia Ayumu,
mgeni wetu wa Niigata, mwezi wa nne huu hapa,
aliyekuwa jikoni akimenya yai.
"Wewe ndiwe Mjapani. Tuambie. Shiomi ni nani?"
Kana kwamba taifa zima limepanga foleni nyuma ya meno yake.

Ayumu akatia chumvi.
Kwa Kireno chenye viraka akasema:
"Nilijiita boku hadi darasa la tano.
Mwalimu akaniita mbele, nirudie sentensi kwa neno jingine.
Nikarudia. Darasa likapiga makofi.
Japani inasemaje, sijui.
Shiomi nilimtazama usiku, sauti nimezima, mama amelala.
Asante yake naijua kwa midomo tu."
Akala yai.

Nami ninayeandika haya kwa Kiswahili
naona lugha inavyonibeba bila kuniuliza:
ameinama, ameshukuru, amekula yai.
Ningejisifu. Lakini lugha hii hii
ina maneno mengine, yale yanayorushwa mgongoni mwa mtu,
na hayo hayajawahi kukosa shabaha.
Mlangoni hakuna bawabu; uani kuna mbwa.

Saa nane, Jandira akapata njia ya panya:
kitenzi kitupu, nashukuru, kisicho na o wala a.
"Hivyo husema mababu," akanung'unika Wanderley.
"Deraya aliyovaa ni ya nani?"
Tukacheka, hata yeye. Tukafunga faili.
Raoni peke yake hakucheka.
"Tumemficha vizuri," alisema, akivaa koti,
na hakuna aliyejua kama ni sifa.

Mvua imekata. Kwenye kioo Shiomi bado ameinama,
saa iliyokufa mkononi,
na Ayumu, sahani magotini, anatazama
akisogeza midomo.